Mguu wa Suwondo

Mtu akigongwa, huangalia kwanza mahali panapouma. Suwondo, akiwa chini mbele ya soko mjini Solo, aliangalia matairi ya pikipiki. Halafu kiti. Halafu taa. Aliporidhika, ndipo akakumbuka kulia.

"Mguu wangu! Jamani, mguu wangu!"

Wening, mwenye pikipiki, aliliona hilo. Lakini Wening alikuwa binti wa haya. Hata dawa yake ya tangawizi na manjano aliiuza kwa kupiga honi, si kwa kuita. Na pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama. Bwana huyu ndiye aliyeifuata, akajilaza chini ya gurudumu taratibu, kama mtu anayeingia kitandani.

Watu wakajaa. Kwetu mwenye chombo ndiye mwenye kosa. Hata ukiegesha, mbuzi akaja akakugonga, mbuzi ana haki.

"Tuite polisi?" mmoja akauliza.

"Polisi wa nini, ndugu zangu?" Suwondo akasema kwa upole wa shehe. "Tumalizane kindugu. Ijumaa ikifika kama bado siwezi kutembea, anipe tu hiyo pikipiki iwe fidia. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mguu."

Mjumbe wa mtaa akaona hayo ni maneno ya muungwana. Mama Mursinah, shangazi yake Wening, naye akaona hivyohivyo, maana huamini kila anayelia. Akamchukua mgonjwa nyumbani amuuguze, kama ilivyo desturi. Wening akazihesabu kimoyomoyo njia zote za Solo ambazo angezipita kwa miguu, chupa za dawa mgongoni, kama mama yake aliyezikwa na mgongo uliopinda.

Suwondo akauguzwa. Majirani walimletea ndizi na vitumbua, na kila aliyekuja alisimuliwa ajali. Asubuhi pikipiki ilikuwa inakwenda mbio. Mchana ilikuwa inapaa. Jioni Wening alikuwa amegeuza ili arudi kummalizia.

"Na bado nimemsamehe," akasema, akimenya ndizi nyingine.

Wanawake wakafuta machozi. Wening mwenyewe, aliyekuwa akileta chai, nusura aombe radhi.

Alhamisi akatoka bila kuaga, akarudi na babu yake mzaa mama kutoka Wonogiri, mzee Karto, mwenye viganja kama makasia.

"Umeleta mganga wa mifupa!" Mama Mursinah akapiga makofi.

Wening akainamisha uso. Wote wakaichukua hiyo kuwa ni ndiyo.

Babu Karto akaunyanyua mguu kwa kisigino, akafumba jicho moja, akauzungusha polepole.

"Umepinda."

"Wapi, babu?" Suwondo akauliza, sauti imeanza kupungua.

"Kote."

Suwondo akatoa ukelele ambao jogoo wa jirani aliuitikia.

"Lete na wa pili."

"Wa pili mzima, babu! Mzima kabisa!"

"Ndiyo maana haufanani na huu. Wening, nyundo."

Hakuna aliyemwona akitoka dirishani. Waliona tu ndizi zikimwagika, na mwanamume akiupita msikiti kwa mbio, shuka mkononi. Mjumbe alikuwa anakuja na wazee wenzake kuikagua pikipiki. Wakamdaka, wakamkumbatia.

"Amepona! Anakimbia!"

"Sijapona!" Suwondo akafoka, akirukaruka wamwachie.

"Basi turudi, babu amalizie," akasema Mama Mursinah, aliyekuwa amemfuata mbio.

"Nimepona!"

Na kwetu aliyepona huwalisha waliomuuguza. Hilo halina mjadala. Suwondo akauza saa yake na viatu vyake vya ngozi, vikawa kuku na wali wa manjano, mtaa mzima ukala ukamshukuru Mungu. Nje, wenye viuno na wenye magoti walipanga foleni wakimwulizia Babu Karto, aliyekuwa amejifungia jikoni.

Suwondo, pekupeku, akasogea alipokaa Wening.

"Dada, miji yote nimeimaliza. Waganga wa kweli nawajua, wa uongo ni rafiki zangu. Huyu babu yako mifupa alisomea wapi?"

Tangu ajali Wening hakuwa amemjibu mtu huyu hata neno moja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akameza wali.

"Mifupa?" akasema. "Babu ni fundi baiskeli. Ananyoosha rimu."