Kumi na Moja kwa Moja kwenye Njia ya Bangboka

Ndugu zangu, leo sura yangu nimeiacha kwenye barabara ya Bangboka, ile ya uwanja wa ndege. Atakayeiokota anirudishie.

Mnajua nimemaliza ufundi kwenye masomo ya jioni (cheti nimekitundika garajini, hata mbwa wa jirani amekisoma). Asubuhi Mama Kavira, mwenye duka la jumla pale Makiso, akaja mbio. Vita imefunga barabara ya Butembo. Mama yake mzee amekimbia, anafika kwa ndege saa sita. Na kamioneti yake ya turbo, pikapu ndogo, iko kwangu, injini wazi!

"Ukiniwahisha uwanjani, magari yangu yote tatu utakuwa unatengeneza wewe."

Tatu! Miguu ikakataa kutulia.

Shida ilikuwa jwenti, lile bati linalokaa kati ya bloki na kichwa cha injini. Jwenti nene hupunguza mbano wa hewa, nyembamba huuongeza. Nene tuliiagiza Butembo, ilikuwa inakuja na ndege ileile. Mtaa mzima wa Mangobo nikapata nyembamba tu.

Tonton Salehe, fundi mzee wa garaji ya jirani, akachungulia.

"Hiyo itabana ngapi?"

"Kumi na moja kwa moja, tonton."

"Mutoto, turbo tayari inasukuma hewa kwa nguvu. Ukibana tena hivyo, esanse, petroli hiyo, itapasuka mbele ya saa yake. Weka nane, ao ungojee."

"Nane iko ya mashine ya kusaga muhogo! Nguvu juu ya nguvu, donc nguvu mbili!"

Nikachovya brashi kwenye rangi, nikaandika kwenye kioo cha nyuma: 11:1. (Hakuna aliyenituma. Mkono ulijiendea.)

Nikafunga injini, mimi na Mama Kavira tukatoka. Mwanzoni tuliruka, hata upepo ulitupisha! Kisha nikakanyaga, turbo ikaamka: ka-ka-ka-ka-ka! Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja akalala chini pamoja na sahani yake ya pondu, kisamvu chetu.

"Iko nini ile?"

"Iko turbo, chef."

"Bon. Ipeleke mbali."

Haikufika mbali. Kwenye kilima kidogo (kilima gani, kinundu tu), pu! Moshi mweupe. Injini ikazima. Toleka moja, baiskeli ya abiria, ikatupita imebeba mbuzi. Mbuzi aligeuka kunitazama.

Mama Kavira alishuka, akatazama saa. Afadhali angenitukana! Akasimamisha pikipiki ya abiria, akaenda uwanjani.

Vijana wa toleka wakakusanyika kunisukuma kurudi mjini. Mmoja akasoma kioo.

"Ingénieur, hii kumi na moja iko ya nini?"

"Sukuma tu, ndugu."

Hatujafika popote, pikipiki hiyo ikarudi. Mama Kavira nyuma, katikati mama yake, bibi mdogo kama kikapu, pakiti mapajani.

"Fundi iko wapi?" bibi akauliza.

Wote wakanionyesha kwa kidole. Wote!

"Shika, mwanangu. Niliacha sufuria zangu zote nyuma, lakini hii niliibeba. Walisema bila hii gari haitembee."

Jwenti nene.

"Umupelekee Tonton Salehe," akasema Mama Kavira. "Na ile gari zingine mbili, yeye tu."

Nikajikunyata nyuma ya usukani. Kwenye kioo cha pembeni nikahesabu migongo iliyokuwa inasukuma: kumi na moja. Mjinga ndani: mmoja.

Kwa hiyo msinicheke. Hesabu ilitoka sawasawa.