Mivinje Sitini ya Timbo Letu

Jumatatu, 7 Machi 1966
Nimekwisha! Mzee Jamaldin, mwenye timbo letu la mawe, asema Ijumaa anakuja mkaguzi wa serikali, Bwana Levi, kutazama shimo tulilomaliza kuchimba. Sharti la kibali: mawe yakiisha, shimo lioteshwe miti. Miche sitini ya mivinje nilikabidhiwa mimi, mwaka jana. Ikafia stoo. Nami nikaandika kuwa imepandwa na inastawi! Dishon, karani mwenzangu, kaniuliza mbona natoka jasho. Huyu anaitaka meza yangu.

Jumatano, 9 Machi
Usingizi sina. Nikifumba macho naona jela. Lakini akili ninayo! Nimekata matawi sitini ya mivinje kule Kizingo, mbwa wa wakubwa wakinifukuza. Kuyachomeka shimoni, mwamba mtupu, hayasimami. Basi kila tawi nikalifanyia tuta la udongo, refu kidogo, mistari imenyooka. Mke wangu Mwanabaraka kaona udongo kwenye kikoi, akauliza nimemzika nani. Ulimi wake!

Alhamisi, 10 Machi
Ya Rabbi! Bi Tumu, jirani yetu wa Kuze, kapita timboni. Kaona matuta sitini, kila moja na tawi bichi kichwani, kama tuwawekeavyo maiti wetu. Karudi mtaani akilia kuwa mawe yamewaangukia watu sitini na tajiri kawazika kimyakimya. Kuze nzima imehamia ukingoni, inasoma Yasini. Wengine wawalilia ndugu zao walioko Kilindini, wazima kabisa! Askari wauliza nani aliyezika. Nikasema sijui, nikaitikia dua kwa sauti kuwashinda wote.

Ijumaa, 11 Machi
Bwana Levi kaukuta umati, akavua kofia. Askari wakafukua tuta la kwanza. Kijiti. La pili. Kijiti. Dishon akaninyooshea kidole. Bi Tumu akavua ndara. Nilikimbia hadi nyumbani, nikaingia uvunguni. Naandika humu humu.

Jumamosi, 12 Machi
Bwana Levi katupa wiki moja. Shimo lisipokuwa na uhai, kibali kinafutwa, nami napelekwa kortini. Dishon kaja na miche ya kweli, ati tupande pamoja. Nimekataa. Mtego huo! Pembe moja ya shimo ina maji, na mimi nina wazo bora: bwawa la samaki. Asubuhi ya siku atakayorudi Bwana Levi nanunua tasi ishirini sokoni, wabichi kabisa, nawatia majini. Wakielea, nitasema wamelala.