Gawio la Mwongera wa Kinoru

Mwongera wa Kinoru alikuwa na sikio moja la kusikilizia watu na lingine la kusikilizia pesa, na mchana huo, katika hoteli moja karibu na uwanja wa mpira, lile la pili ndilo lililosimama. Kwenye meza ya nyuma, mnunuzi wa ndizi kutoka Embu alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba kikundi kimoja cha wakulima huko Karurumo kimelipwa kahawa vizuri ajabu, na sasa wanachama wanazozana kila Jumamosi kuhusu pa kuziweka hizo pesa. Benki imewachosha. Wanataka pesa zizae.

Mwongera aliacha maharagwe yake sahanini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata matangani.

Tumseme kidogo huyu bwana kabla hajatudanganya na sisi. Hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Aliwaheshimu mno wenye milango. Yeye aliuza maneno. Aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kiwanja cha kona ambacho baadaye kiligunduliwa kuwa ni barabara. Kitu cha kweli alichokuwa nacho maishani ni gari lake jeupe, Toyota aliyoipangusa kila asubuhi kwa shati kuukuu, vyombo vichache vya nyumbani, na akiba kidogo. Sasa alikuwa ameamua kupiga pigo moja kubwa, kisha astaafu, ajenge nyumba za kupangisha, na aketi kiti cha mbele kanisani akiitwa mzee.

Kwa majuma mawili alisoma kurasa za biashara katika magazeti aliyofungiwa nyama buchani. Alisoma habari za hisa, za gawio, za kampuni zinazokua na zinazosinyaa. Na hapo akafanya kosa la ajabu kwa mtu wa kazi yake: alielewa.

Jumamosi iliyofuata gari jeupe liliingia Karurumo na kusimama penye kivuli, mahali ambapo kila mtu angeliona. Mwongera akashuka na suti, mkoba, na chekeche la kuchekechea mahindi. Wanachama walikuwa wamekusanyika uani kwa mwenyekiti wao, Nelius, mama mpana, mtulivu, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na macho ya kusamehe. Kando yake aliketi mweka hazina, Mzee Misheck, ambaye kanisani alijulikana kwa maombi marefu.

"Bwana asifiwe!" Mwongera alianza.

"Amen!"

"Wapendwa, soko la hisa ni gunia la mahindi na mawe. Mjinga ananunua gunia. Mtu smart anachekecha." Akamimina mahindi kwenye chekeche, akalitikisa, vumbi likawapata waliokaa mbele. "Swali la kwanza ni bei. Hiyo share inauzwa chini ya value yake ama juu? La pili, dividend, yaani gawio. Inalipa kila wakati, bila story? La tatu, kukua. Miaka kumi ijayo itakuwa imenona ama itakuwa imekonda? Mimi nimechekecha companies sitini. Imebaki moja tu."

Hiyo moja, kwa bahati njema, ilikuwa yake. Iliitwa Hazina ya Mlima Holdings, na ilizaliwa Jumanne iliyopita katika duka la kuchonga mihuri mjini Meru. Mama na mtoto walikuwa salama.

Watu walipiga makofi. Kijana mmoja aitwaye Ndwiga alitaka alipe papo hapo, ikabidi ashikwe koti. Lakini Nelius aliinua mkono.

"Mwanangu, hayo maneno ni matamu sana," alisema. "Lakini sisi huku hatununui ng'ombe kwa kuangalia kiwele. Mtu akitaka kukuuzia ng'ombe mbaya, haikamui siku mzima. Kiwele kinajaa, unaona kama ni tanki. Kwa hivyo mnunuzi anakuja na ndoo yake. Anakamua jioni, anakamua asubuhi, anarudi kukamua tena. Akiridhika, ndio sasa anatoa pesa."

"Chairlady, unataka kukamua share?"

"Kidogo tu, mwanangu. Tuone kama maziwa iko."

Mwongera alitamani kumkumbatia. Kumbe samaki wenyewe wanaomba chambo! Alijifanya anatafakari, akapekua mkoba uliokuwa na magazeti ya buchani, kisha akatangaza kwamba kampuni inaruhusu gawio la majaribio kwa wawekezaji wakubwa. Wakubwa tu, lakini. Kila mwezi, kulingana na kiasi walichokusudia kuweka. Kwani wao walikusudia kuweka ngapi?

Wanachama walitazamana. Walikuwa wamepanga kuweka laki tano. Mzee Misheck akakohoa. "Andika milioni tatu," alisema, na hakuna aliyembisha, maana kila mmoja alishapiga hesabu ya gawio la milioni tatu kimoyomoyo.

Milioni tatu! Mwongera aliendesha gari hadi Kinoru akiimba nyimbo za harusi.

Mwezi ulipokwisha aliwaletea gawio la kwanza, karibu akiba yake yote, na akalitoa huku akitabasamu kwa meno yote. Walilipokea kwa nyimbo na vigelegele. Wakamlisha mukimo na kuku, wakampa na mapaja yote mawili.

"Sasa tuandikiane, Chairlady?" aliuliza akifuta midomo.

"Hiyo ilikuwa ya jioni," Nelius alisema kwa upole. "Bado ya asubuhi."

Usiku huo hakupata usingizi, lakini mwenye kazi yake hakati tamaa akiwa amebakiza hatua mbili. Alimpigia Kaberia, jirani yake, mtu ambaye amekuwa akilitamani lile gari tangu lilipokanyaga Kinoru. Kaberia alilinunua kwa bei ya huruma, na huruma yenyewe haikuwa nyingi. Mwongera aliligusa boneti mara ya mwisho, akaangalia pembeni. Alijiambia kwamba mtu wa milioni tatu atanunua mengine mawili, moja la kuendesha na moja la kuangalia.

Mara ya pili aliingia Karurumo juu ya pikipiki, suti imejaa vumbi. "Gari liko service," alieleza kabla hajaulizwa. Gawio likatoka, nyimbo zikaimbwa, paja la kuku likawa moja.

"Nzuri sana," Nelius alisema. "Iliyobaki ni ile ya kurudi."

Kwa ile ya kurudi Mwongera aliuza televisheni, viti, kitanda, na mkoba. Aliuza hata suti, akabaki na sweta ya shule ya binamu yake. Nauli ilimfikisha Runyenjes, na kutoka hapo akatembea kwa miguu kwenye tope akiwa amebana bahasha ya gawio kwapani. Alichoka, alikuwa na njaa, na alikuwa na furaha ya mtu anayeona mlango wa mbinguni uko wazi nusu.

Wakahesabu. Hazikupungua hata shilingi. Wakampa bakuli la githeri, la moto, lisilo na kuku.

"Chairlady," alisema, "jioni mmekamua, asubuhi mmekamua, mmerudi mmekamua. Sasa nunueni."

Nelius alisimama, akajifunga leso vizuri. "Mwalimu, kwanza tunakushukuru kwa lile somo. Ndwiga aliandika kila kitu. Tukakaa kama kamati, tukakuchekecha."

"Mlichekecha kampuni?"

"Tungechekecha aje kampuni na hatujaiona? Tulikuchekecha wewe. Dividend unalipa, kweli, bila story. Hapo umepita. Lakini swali la tatu limekushinda. Mara ya kwanza ulikuja na gari. Mara ya pili pikipiki. Leo umekuja na miguu, na hiyo sweta ni ya mtoto. Ng'ombe ikitoa maziwa mingi na inakonda, mwanangu, hiyo inajikula yenyewe. Hatuwezi kuinunua."

"Lakini mliniahidi!"

"Tulisema tukikamua tukaridhika."

Mwongera aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Zilikuwepo nyuso nyingi za aina hiyo, na hakuna hata moja iliyotia mkono mfukoni. "Basi nirudishieni hizo dividend!"

"Zilishanunua shares," Ndwiga alisema kwa fahari. "Kwa broker wa kweli. Company ya zamani, bei iko chini kuliko value yake, kila mwaka inalipa."

"Inalipa ngapi?"

Ndwiga akamtajia. Mwongera akacheka kwa uchungu. "Hicho kitu ni kidogo sana!"

"Ni kidogo," Nelius alikubali. "Lakini haikondi."

Hapo Mwongera alishindwa kujizuia. Miaka yote ya ujanja ikamponyoka mdomoni kwa mpigo. "Hakuna kampuni! Mnasikia? Haijawahi kuwa! Hizo zilikuwa pesa zangu mimi! Gari langu! Kitanda changu!"

Kuku wakatawanyika uani.

"Polisi wako pale mbele ya posho mill," Nelius alisema taratibu. "Ukitaka, Ndwiga akusindikize. Uwaeleze hayo yote vile umetueleza sisi."

Mwongera alitazama upande wa kinu hicho cha kusagia unga. Akatazama githeri. Akaketi akala, kwa sababu ililetwa ingali moto na kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza.

Ndipo Mzee Misheck akavua kofia na watu wote wakasimama kufunga kikao. Aliomba kwa muda mrefu sana. Aliomba mvua, akaombea kahawa, akaombea magoti ya wazee. "Na zaidi ya yote, Baba," alisema, "tunakushukuru kwa huyu ndugu yetu kutoka Meru. Umemtoa mbali, ukaugusa moyo wake, akauza yote aliyokuwa nayo akawapa wakulima. Watu kama yeye ni wachache. Mwongezee, Baba. Na ukishamwongezea, mlete tena."

"Amen!" wakaitikia wote.

Mwongera, mdomo umejaa githeri, akaitikia pia.