Fyuzi Haina Miguu

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe ametangaza! Magoti yamemchosha, haendeshi tena. Gari atampa mkwe mmoja kati ya wawili, yule atakayeonyesha Jumapili kwamba anaweza kulitunza. Wakwe wenyewe ni mimi, muuza mapazia, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, fundi friji. Tunamwita Kipimo, maana hata msibani huja na mita ya kupimia umeme mfukoni. Mke wangu huenda kazini kwa miguu, viatu vimelika upande. Nampenda yule mwanamke, jamani. Gari lazima lije kwetu.

Alhamisi, 5 Juni
Akili ni mali! Nimekwenda kumsalimia mama mkwe. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikajipenyeza garini, nikafungua sanduku la fyuzi chini ya dashibodi, nikachomoa fyuzi ya vioo vya pembeni kwa kikoleo cha mke wangu cha kung'olea nyusi. Vioo vyote viwili kimya. Jumapili Kipimo atahangaika weee, kisha mimi nairudisha kwa siri, vioo vinageuka, gari langu. Nikanywa vikombe viwili. Chai ya yule mama haina mpinzani.

Ijumaa, 6 Juni
Mama mkwe kapiga simu, sauti ya upole kabisa: vioo havigeuki. Nikasikitika kweli kweli. Nikamshauri asiguse kitu, umeme hauna adabu. Akasema alianza kuendesha mimi sijaota meno, ila sawa, atasubiri. Mke wangu anatafuta kikoleo chake. Nimesingizia panya. Hata mimi sijui kiko wapi.

Jumapili, 8 Juni
Familia nzima uani. Kipimo akaanza, na haki yake nampa: jamaa anajua! Kikifa kioo kimoja, alieleza, shuku mota au waya wa mlango huo. Vikifa vyote viwili, shuku kinachovilisha pamoja, fyuzi au swichi. Nusura nimpigie makofi. Akapima fyuzi, nzima. Nzima? Si iko mfukoni mwangu! Akahukumu swichi imekufa, akaomba bisibisi abomoe mlango. Mama mkwe akamzuia, akaniita mimi.

Nikainama. Nafasi ya fyuzi imejaa! Yangu inaloa jasho kiganjani, pa kuichomeka hakuna. Nikapuliza sanduku, nikabonyeza swichi. Kimya. Nikapuliza tena. Watoto wakacheka.

Ndipo mama mkwe akauliza kama kuna aliyefikiria kuwauliza binti zake. Mke wangu akaketi kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akazungusha kitufe kidogo cha kuchagulia kioo kutoka katikati hadi kushoto, akabonyeza swichi. Kioo kikageuka! Akakipeleka kulia. Kikageuka! Kumbe kitufe kikiwa katikati, vioo havimtii mtu, na mama mkwe ndiye aliyekiweka hapo asubuhi. Fyuzi ya akiba aliitoa kwenye kifuniko cha sanduku, akaichomeka Ijumaa ileile. Akasema fyuzi huungua, haina miguu ya kutembea. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama. Nikaiweka fyuzi yake. Kwa mkono wa pili akamrudishia mke wangu kikoleo, kakiokota chini ya kiti cha gari.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama mkwe yule! Nilisimama pale nimeaibika, huku moyoni nampigia saluti. Gari kampa mke wangu, kwa sharti kwamba mimi nikae kiti cha nyuma.

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu kaenda kazini kwa gari. Anaendesha, mashallah! Anatazama vioo vyote, hakwaruzi kitu, barabara nzima inampisha. Nilijaa fahari hadi machozi, nikiwa nyuma na mkoba wake magotini.

Ila mume hawezi kukaa nyuma milele. Nimewaza: gari likipata hitilafu ndogo tu, mimi nikalitengeneza, nitaitwa mbele. Honi nayo ina fyuzi yake. Kikoleo kakificha. Nimeazima cha mke wa Kipimo.