Muuza Remise

Désiré alikuwa amesimama kwenye baraza ya mahakama, koti lake jeusi limepigwa pasi, alipomwona Papa Mahmoudi akiondoka mbele ya wakili wake kwa hasira. Mtu anayegombana na wakili wake mwenyewe ni riziki iliyojileta, na Désiré hakuwa mtu wa kuikataa riziki. Hakuwahi kusema kwamba yeye ni wakili. Alivaa koti tu, akawaacha watu wakosee wenyewe.

— Papa, likambo nini?

Mzee alikuwa ameikalia nyumba ya marehemu mdogo wake kule Kabondo, na mjane, Safiya, alikuwa amemshtaki ili airudishe. Kushinda alijua hawezi. Alichotaka ni kesi isiishe.

— Nimemwambia Maître Sébastien aombe remise, anakataa! Eti déontologie. Eti kuchelewesha kesi bure haiko kazi ya avocat. Alors, miye namulipa ya nini?

Remise, kwa wasiozijua mahakama za kwetu, ni kuahirishwa. Leo wakili huyu hajaviona vielelezo vya mwenzake, kesho yule ana mafua, na kesi inasogezwa mbele mpaka watoto wa walioshtakiana wanaoana. Désiré aliuza remise kwa sababu zilikuja zenyewe, kama mtu anayeuza mvua huku mvua inanyesha. Biashara safi kabisa: mtaji hakuna, na mteja anakushukuru.

— Papa, remise ni miye. Utaisikia na masikio yako, kinywani mwa juge.

Kwa kawaida angedai mbongo, yaani pesa. Lakini dada yake Tania, aliyekuwa akimlaza sebuleni, alikuwa amemwambia mwisho wa mwezi atoke na godoro lake, na Désiré hakuwa na pa kwenda hata kidogo. Akaomba chumba katika nyumba ileile.

— Kamata ya mbele, mzee alisema haraka. Bure. Mpaka kesi itaisha.

— Basi nitazeekea mule, papa.

Wakacheka, kila mmoja akimcheka mwenzake. Mmoja aliuza kisicho chake, mwingine akalipa kwa kisicho chake. Mkataba wa haki kuliko huo sijauona.

Siku ya kesi ilipofika, Désiré alikuwa ameshahamia na kupigilia misumari ya kutundikia nguo. Barazani yeye na mzee walimkuta Maître Sébastien akinywa kahawa na Maître Clémence, wakili wa Safiya. Walikuwa wakipeana makaratasi na kucheka.

— Avocat yangu anacheka na avocat ya adui? mzee alishtuka.

— Si njo remise ile, papa! Iko wanaipika pale. Tulia.

Na Désiré aliamini alichokisema, maskini. Kwa maisha yake yote ya barazani hakuwahi kuona mawakili wa pande mbili wakibadilishana vielelezo mapema ili yeyote asiwe na kisingizio. Macho yake yalizoea hila, yakaona hila.

— Maîtres, kuna mwenye anaomba muda? hakimu aliuliza.

— Hakuna, Madame la Présidente, alijibu Sébastien. Pièces tulishapeana.

— Tuko tayari, alisema Clémence.

Ukumbi ulipigwa na butwaa. Hata karani aliinua kichwa. Sébastien alimtetea mzee kwa maneno yote ambayo sheria ilimruhusu, nayo hayakuwa mengi.

Wiki iliyofuata hakimu alisoma hukumu kwa Kifaransa kirefu. Mzee hakuelewa kitu mpaka lilipokuja neno analolijua.

— ...ordonne la remise...

Mzee akaruka juu.

— Merci, Madame! Mungu akubariki!

— ...des clés, hakimu alimalizia, à la veuve.

— Ni remise ya mpaka siku gani? mzee alimnong'oneza wakili wake.

— Iko remise ya funguo, papa: kumupatia mujane funguo. Unarudisha nyumba. Leo. Hata ukifanya appel kwa mahakama ya juu, juge amesema haizuie.

Watu walicheka mpaka polisi wa mlangoni akageukia ukuta. Désiré alikuwa ananyata kutoka, lakini mzee alimkamata koti.

— Remise yangu iko wapi?

— Papa, umeisikia na masikio yako, kinywani mwa juge. Nimekudanganya wapi?

Mzee alifikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— C'est vrai. Na miye nilikupa chumba mpaka kesi itaisha. Nimekudanganya wapi?

Désiré alidandia toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamhimiza dereva akanyage hadi Kabondo. Alitaka kufika kabla ya mjane, ajifungie chumbani, halafu abembeleze akiwa ndani. Lakini Safiya alikuwa ametangulia kwa pikipiki pamoja na huissier, mtu wa mahakama wa kutekeleza hukumu, na funguo, alizozikabidhi mzee palepale mahakamani, zilikuwa tayari mkononi mwa mjane. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, analia na kucheka kwa furaha. Godoro la Désiré lilikuwa limelazwa uani.

— Mama Safiya, Désiré alisema kwa sauti ya asali, unipatie muda kidogo tu.

Mjane, aliyekuwa amesikia yote mahakamani, alijifuta machozi, akamtazama kuanzia koti hadi viatu.

— Muda? Si weye njo unaiuzaka? Ujiuzie.