Kitambaa cha Meza ya Mwalimu

Jumatatu, 7 Julai

Daftari langu, pokea salamu. Mimi najua kuandika barua tu, kwa hiyo utanivumilia. Huku sote hatujambo. Baba Watoto hajambo, ila kidole gumba alichokipiga nyundo bado kimevimba. Mwanangu Mwalimu hajambo, anapanga nguo, Jumamosi anahamia alikopangiwa kufundisha hesabu. Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, wa nyumba ya pili, naye hajambo. Amekuja mara tatu leo kutuonyesha kwamba hajambo. Paka hajambo. Mimi pia mzima, isipokuwa moyo.

Baba Watoto ni seremala, amemchongea Mwalimu meza ya duara. Mimi namfumia kitambaa cha kuifunika, rangi ya maziwa. Nataka kila akikaa kula huko ugenini aone mkono wa mama yake. Wa mama, si wa shangazi.

Mabonge matatu ya uzi yamekwisha. Kutoka katikati nimefika shubiri moja. Meza inataka shubiri mbili. Yamebaki mabonge matatu. Nusu tayari, nusu bado, uzi unatosha. Hesabu nimepiga mwenyewe.

Wifi aliuliza kama uzi utanitosha, maana dukani yamebaki mabonge tisa tu ya rangi hii na yeye anataka kumfumia Mwalimu mito ya viti. Nikamwambia ayachukue yote, mimi si mtu wa kubahatisha. Akayachukua yote.

Jumatano, 9 Julai

Kuna jambo silielewi. Mizunguko ya mwanzo nilikuwa naimaliza kabla chai haijapoa. Sasa mzunguko mmoja unakula taarifa ya habari nzima pamoja na michezo. Mabonge mawili yamekwenda, nimesogea vidole vitatu.

Nimeibiwa. Nikaenda kwa muuza uzi na bonge lililobaki, nikamwambia mbele ya wateja kwamba mabonge aliyonitolea chini ya rundo ni mepesi. Akalipima. Akapima na la rangi nyingine. Uzito ule ule. Akaniambia pole, mama, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa.

Nyumbani Mwalimu akachukua kisosi na kifuniko cha sufuria ambacho upana wake ni visosi viwili. Akatandaza mchele kwenye kisosi: kikombe kimoja. Akatandaza kwenye kifuniko: vikombe vinne. Nikamwambia kifuniko kimebonyea.

“Mama, ukifika nusu kutoka katikati, umefuma robo tu.”

Miaka yote ile ya shule, amerudi ananiambia nusu ni robo. Na watoto wa watu ndio anaokwenda kuwafundisha.

Alhamisi, 10 Julai

Uzi umekwisha. Shubiri moja na vidole vitano. Mwalimu anasema yanatakiwa mabonge sita mengine. Kwa Wifi kuna tisa. Kumwomba siwezi, afadhali nifume kwa nywele zangu.

Nikaenda kwake kumjulia hali. Katikati ya mazungumzo nikasema kwa huzuni kwamba Mwalimu ana mgongo mbaya, mganga wa zahanati amemkataza kukalia kitu laini, mito hiyo asijisumbue nayo. Nikasubiri aniulize uzi aupeleke wapi.

Jioni Wifi alikuja na dawa ya kuchua. Akamlaza Mwalimu kifudifudi sebuleni, akamchua hadi mtoto akaanza kuumwa mgongo kweli. Kisha akatangaza kwamba ataongeza mto mmoja mkubwa wa kuegemea. Uzi wote utaishia hapo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimewaza sana. Kama kitambaa hakikui, meza inaweza kupungua.

Nikamwomba Baba Watoto apunguze ukingo wa meza, vidole saba tu kuzunguka pote. Alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akachora duara la ndani kwa chaki, akatazama, akasema hicho kipande ninachokiita kidogo ni nusu ya meza nzima. Nusu tena! Humu ndani kila mtu kashikwa na ugonjwa wa nusu.

Alipotoka kupeleka kitanda cha mteja, nikachukua msumeno. Umeingia kiasi cha kidole, nikamsikia mlangoni. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema nafuta vumbi. Akatazama msumeno, akatazama meza, akaenda kukaa. Hajasema neno mpaka sasa, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 12 Julai

Gari la mizigo lilifika mapema. Wifi alishafika kabla yake, na mito minne na ule wa kuegemea. Imefumwa vizuri. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Nilikuwa nimekificha kitambaa chini ya godoro. Mwalimu akakitafuta mwenyewe, akakitandaza mezani. Meza ikabaki uchi pembeni pote. Wifi akaniuliza, taratibu kabisa, “Wifi, hiki ni cha meza au cha glasi?”

Nilitamani wanipakie na mimi kama mzigo, wanishushe popote.

Mwalimu alipapasa ukingo mpaka akafika penye jeraha la msumeno. Alimtazama baba yake, baba yake akatazama dari. Basi akakivuta kitambaa kikaenda upande, kikalifunika.

“Huu ndio upande wangu wa kukaa, mama. Wageni watakula kwenye mbao.”

Nikaenda kuangalia kama jiko limezimwa. Lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Jumatatu, 14 Julai

Nyumba ni pana ghafla. Baba Watoto ameanza kusema nami, ameomba chumvi.

Mwalimu amepiga simu. Amefika salama, amekula upande wake. Anasema sakafu ni ya saruji na asubuhi ina baridi. Miguu ya mwanangu!

Nimeshaamua: zulia la duara. Kitambaa kilikula mabonge sita. Zulia nalitaka upana mara mbili ya kitambaa. Kwa hiyo mabonge kumi na mawili, nimeongeza moja la tahadhari, maana safari hii sitaki kuaibika. Nimeshanunua, rangi ya kijani. Baba Watoto aliyahesabu mabonge, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda karakana.

Nimemtumia Mwalimu ujumbe: mwanangu, pima chumba chako kwa shubiri, lakini shubiri zako ni fupi, ongeza kidogo, halafu nijibu upesi, leo leo, sindano iko mkononi.