Joka la Bure na Askari Wangu Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Chumba chetu cha kazi kina dirisha moja, na mimi fundi saa ninaligombea na fundi redio mwaka wa tatu sasa. Macho yangu yana miaka hamsini na miwili. Bila mwanga siioni hata skrubu. Leo tumekubaliana: Ijumaa tucheze kadi za majoka, mshindi aweke meza dirishani mwaka mzima. Mwamuzi ni mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, anayezijua kadi hizi kuliko wajukuu wake. Nilimwomba anipendelee kidogo tu. Akaniambia nimheshimu.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata Joka la Alfajiri! Nililikodolea macho hadi chai ikapoa. Mabawa yale! Kwenye kona ya juu kuna bei: nguvu tisa. Sijawahi kufikisha tisa tangu nianze kucheza. Chini, kwa herufi za sisimizi: gharama ya ziada, toa askari wawili. Lakini ninayo pia kadi ya Mlango Wazi: cheza kadi moja bila kulipa bei yake. Bila kulipa! Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaondoka na saa yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelipima dirisha kwa utepe, fundi redio akiwa pale pale. Akanishauri nipime na ile kona ya giza, maana ndiko niendako. Wivu!

Ijumaa, 7 Machi
Nikaweka Mlango Wazi. Nikalishusha Joka. Mama mkwe akanyoosha kidole: askari wawili, mwanangu. Nikasema ni bure. Akajibu, kwa sauti ya kumwamuru mzazi asukume, kwamba mlango unasamehe bei ya kwenye kona tu. Gharama ya ziada haijasamehewa, na inatolewa kwanza, la sivyo joka halipigi hata bawa. Nikawatoa askari wangu wawili, ndio pekee waliobaki kunilinda. Hapo fundi redio akaweka Zuio, kadi ya kuizima kadi ya mwenzako. Joka likayeyuka. Nikadai basi askari wangu warudi. Hawarudi, akasema mama mkwe. Nililipia kujaribu, sikulipia kufanikiwa.

Nilipaswa kukasirika. Badala yake vinyweleo vilinisimama. Kasheria kadogo vile, kamekaa sawasawa kama gurudumu ndani ya saa: hakuna jino linalozunguka bure! Nilikuwa bado nashangaa fundi redio aliponiuliza kama meza nitaihamisha mwenyewe au anishikie upande mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Kona. Giza. Nimefunga mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa. Mwenye saa, mwalimu, amerudi akisema darasa lake halijatoka tangu asubuhi. Fundi redio, mtu mwema, akanikaribisha dirishani nirekebishe. Nikakataa kwa heshima zote. Kisha nikakubali.

Na katika mwanga ule nikalisoma Joka upya. Ajabu kubwa! Toa askari wawili. Sawa. Na asiye na askari hata mmoja atatoa nini? Hadaiwi kitu! Nimewaondoa askari wote kwenye kadi zangu, mmoja mmoja, huku nikiimba. Mama mkwe sijamuuliza, atanichelewesha. Tunarudiana Ijumaa: nikishinda, dirisha langu, nikishindwa, meza yangu itoke nje ya chumba kabisa.

Fundi redio amekubali upesi mno. Maskini, namhurumia.